Njia Tatu za Kwenda Pangoni

Mchezo wenyewe niliujulia kwenye simu. Mmoja anasimulia kisa, wenzake kila mtu ana mhusika wake na anasema mhusika huyo anafanya nini, na pasipo na uhakika dado inaamua. Nikaona hata mimi naweza kutunga. Mimi ni mwalimu. Kama kuna kazi nimeizoea ni kuwaambia watu kinachofuata.

Nilitunga kwa wiki mbili, daftari likajaa. Kijiji, kijito kilichokauka, na dude lililoziba maji ndani ya pango huko mlimani. Njia niliweka tatu, ya msituni, ya mawe na ya bondeni, ili wachezaji wachague wenyewe. Nilijivunia sana zile njia. Zote zilifika pangoni.

Jumapili baada ya ibada tukakaa uani kwetu Bashay: mimi, wifi yangu na jirani yetu mwendesha bodaboda. Wifi ni mjane wa kaka yangu, na kaka alikuwa hajatimiza mwaka kaburini. Kwao ni Gendabi, wafugaji, na sisi ni watu wa jembe, lakini katika nyumba ile nzima hakuna niliyeelewana naye kama yeye. Alikuwa anachambua maharage huku anasikiliza, binti yake mdogo amelala mgongoni.

Nikasoma kwa mbwembwe zote. Dude linanguruma, kijiji kinalia. Mnafanya nini?

"Ng'ombe wenye kiu ni wangapi?" wifi akauliza.

Sikuwa nimeandika ng'ombe hata mmoja. "Wengi," nikasema.

"Basi mimi nawahamisha. Nashuka nao tambarare."

"Na dude je?"

"Dude limezuia maji. Ng'ombe halijawazuia."

Nikababaika. Kurasa thelathini zilikuwa zinamsubiri kule mlimani. Nikasema haraka kwamba barabara ya tambarare imekatika kwa mvua.

"Mvua ipi, wifi? Si umesema kijito kimekauka?"

Jirani alicheka mpaka akamwaga chai. "Mwalimu, asiyekubali kushindwa si mshindani!"

Nilikasirika, tena nilikasirika kweli, kwa mchezo tu. Wifi hakucheka. Aliiweka dado juu ya ungo, kati ya maharage mabovu. "Kama unajua tunakokwenda," akasema taratibu, "mimi unaniuliza ya nini?"

Nikaanza kutafuta kwenye simu watungaji wengine wanafanyaje. Wanasema usiandike mwisho. Andika mahali, andika watu, andika kila mmoja anataka nini, halafu nyamaza. Sikuelewa. Kama mwisho siandiki, ninaandaa nini sasa? Na mchezaji akiamua kuondoka kabisa, mchezo unabaki wa nani? Niliiandika ile mvua daftarini, nikaifuta, nikairudisha, nikaifuta tena, mpaka karatasi ikatoboka.

Wiki hiyohiyo baba aliitisha kikao cha familia kuhusu wifi, aishi wapi sasa. Mimi ndiye huandika mihtasari yetu, kwa hiyo aliniita mapema tupange. Hakutaka aonekane anamlazimisha mkwewe. "Tumpe nafasi achague," alisema. Tukampangia mambo matatu: abaki kwenye nyumba yake palepale, ahamie kwa mama yangu, au aje mjini Mbulu ninakofundisha, aishi nami. Hilo la tatu lilikuwa wazo langu. Niliona ni zuri, na sikuona zaidi ya hapo.

Siku ya kikao wifi aliwaamkia wazee shikamoo mmoja mmoja, akakaa mkekani na mtoto wake. Nikasoma yale matatu. Alinisikiliza mpaka mwisho, na alipoinua uso hakumtazama baba, alinitazama mimi.

"Wifi," akasema, "na nikisema nashuka tambarare?"

Wazee hawakuelewa. Mimi nilielewa. Mvua nilikuwa nayo tayari mdomoni: mtoto ni wa ukoo, msiba bado mbichi, watu watasemaje. Nilimtazama yule mtoto aliyekuwa anavuta nyuzi za mkeka. Sijui nilikuwa nafikiri nini. Labda sikuwa nafikiri.

"Njia ipo," nikasema.

Baba akanigeukia. "Ipi hiyo? Mbona hukuisoma?"

"Sikuiandika, baba. Muulizeni yeye anataka nini."

Wifi akasema anataka kurudi Gendabi kwa mama yake, yeye na binti, na binti akishaanza shule atakuja kwetu kila likizo. Alilisema kwa pumzi moja. Mama yangu akaanza kulia. Walibishana mpaka chai ikapoa, mjomba mmoja akatoka nje kwa hasira, na mwishowe baba akasema, bila kunitazama, niandike. Nikaandika.

Aliondoka Jumamosi. Jirani alimbebea mizigo kwa pikipiki hadi stendi ya Mbulu.

Mpaka leo baba huniuliza siku ile nilikuwa upande wa nani. Daftari ninalo bado. Nimeongeza tambarare yote, malisho, visima, watu wa huko na kila mmoja anachokitaka, na ng'ombe nimewaandika mmoja mmoja kwa rangi. Jumapili jirani anakuja, ananiuliza tunaanza lini, namwambia ngoja kidogo, bado tuko wawili.

Nilitaka abaki.