Nyumba ya Kungojea Mtoto, Mbele ya Mkwaja

Nilikwenda kuwaombea wajawazito nyumba. Kijiji chenyewe kiko mbele kidogo ya Mkwaja. Zahanati kinayo, lakini watu wengi wanaishi ng'ambo ya kijito, na masika maji yakijaa, mwanamke aliyeshikwa na uchungu hukwama hukohuko. Kando ya zahanati kulikuwa na nyumba ya kijiji, tupu. Laiti wajawazito wangeruhusiwa kukaa humo wiki zao za mwisho, maji yangewakuta wameshavuka. Mimi ni afisa wa afya ya jamii, na jambo hili nilikuwa nimelisemea mjini kikao baada ya kikao. Sasa uamuzi ulibaki kwa mkutano wa kijiji.

Asubuhi nilitoka kwangu Pongwe, nikampitia Sista Agnesi pale Raskazone. Ni mkunga, Msambaa wa Lushoto, hodari wa kazi na wa maneno. Alipakia sanduku la vifaa vya uzazi na kikapu cha mapeasi.

"Nyie watu wa pwani matunda hamyajui," akasema. "Nawapelekea wenzako wakaonje."

Nikamkumbusha kwamba anayemwendesha ni mtu wa pwani, kwa hiyo achunge ulimi.

Pangani tulivuka mto kwa kivuko, tukashika njia ya kusini. Kwanza minazi, kisha mkonge, kisha mchanga uliotufanya tushuke kusukuma gari. Agnesi alisukuma akiimba pambio la kwao, na wapita njia wakaja kusaidia wakicheka.

Kijijini tulipokewa na Bi Saumu, mama mtu mzima anayewatembelea wajawazito nyumba kwa nyumba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Kuleni mshibe. Mzee Athumani anaitaka nyumba ileile aweke majokofu ya samaki, na mkutanoni husikilizwa."

Baada ya swala ya alasiri watu walikusanyika. Wanawake walikaa nyuma kabisa. Nilizungumza juu ya haki ya mama wa ng'ambo kupata huduma sawa na mama wa mjini. Walinisikiliza kwa adabu. Mzee Athumani akasimama, akanishukuru vizuri, akasema samaki wanaoza kila siku, ilhali wanawake wamezaa majumbani tangu enzi za mabibi. Vichwa vingi viliitikia. Nikajua tumeshindwa.

Hapo nyuma pakawa na minong'ono. Mwanamke kijana mwenye tumbo kubwa alikuwa anapita katikati ya watu, mkeka kwapani, furushi la nguo kichwani. Bi Saumu akaninong'oneza kwamba ni Mwanaisha wa ng'ambo ya kijito, mke wa mtoto wa Mzee Athumani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mkwe wangu. Mbona na mkeka?"

"Nimehamia. Siku zangu zimekaribia na kijito kimeanza kupanda. Mjukuu wako akitaka kutoka usiku, hayo majokofu yatanisaidia nini?"

Kicheko kilianzia kwa wanawake, kikafika mpaka kwa mwenyekiti. Mzee Athumani hakucheka. Alimgeukia mkwewe.

"Na chakula atakupikia nani?"

"Mimi," akasema Bi Saumu.

"Na mimi," akadakia mwingine, kisha wa tatu, mpaka sikujua tena nani anasema.

"Basi samaki watatoka kwangu," mzee akasema. "Mzazi halishwi mchicha mtupu."

Mwenyekiti akaita kura ya nyumba, mikono ikanyooshwa kila upande. Kabla ya magharibi wanawake walikuwa wameshafagia vyumba, na Agnesi anagawa mapeasi mlangoni.

Kesho yake niliondoka peke yangu. Agnesi alibaki kwa ajili ya Mwanaisha. Nilikuwa kwenye foleni ya kivuko pale Bweni simu ilipoita. Kabla sijasema neno nikasikia mtoto analia.

"Wa kike," akasema Agnesi. "Mama mzima, mtoto mzima. Babu yake yuko nje, mwenyewe anapara magamba ya samaki changu."

Nilisema alhamdulillahi kwa sauti. Mama mmoja muuza vitumbua akaniuliza kuna nini, nikamweleza. Akapiga vigelegele, na wanawake waliokuwa kwenye foleni, wasiomjua Mwanaisha wala kijiji chake, wakaitikia.

Tangu safari ile, kila kijiji ninachokwenda naomba wajawazito wakae mbele na waseme wao kwanza. Mara nyingi wakimaliza, mimi hubakiwa na kazi ya kushukuru tu.