Pipa imejaa, ordinateur inakataa

Pipa imejaa mupaka mayi inamwangika, na ordinateur yangu, kompyuta yenye inaongoza pompe ya mayi, inasema: bado!

Pipa inaenea bidon kumi, jerikeni kumi za mayi. Niliipanga hivi: kila bidon moja yenye pompe inatia mu pipa, ongeza 0,1. Ikifika 1, simamisha pompe.

Mama mumoja mwenye alikimbia vita ya Djugu, sasa jirani yetu hapa mu mutaa wa Bigo, akanifokea:
"Weye unamwanga mayi, na siye tuko na kiu!"

Naangalia ekra, kioo ya ordinateur: 0,9999999999999999. 😂 Mulishaona?

Kumbe ordinateur haina 0,1 kamili. Inaandikaka karibu-karibu tu!

Nikafuta virgule yote, hakuna desimali tena. Nikaiambia: hesabu bidon nzima, sawa vile bamama wanahesabiaka: moja, mbili, mupaka kumi.

Kumi! Pompe ikanyamaza. Vigelegele!

Yule mama akacheka:
"Sasa imejua kuchota mayi."