Jina Nililoubandika Muziki wa Mwalimu

Bado naikumbuka, mwanangu, ile Jumamosi ya harusi ya binti aitwaye Tumaini, nikiwa mpiga kinanda wa kanisa letu la Kilutheri pale Kalenga. Nilikuwa kijana, vidole vyepesi, mdomo mwepesi zaidi.

Mwalimu wangu, Mzee Lutengano, alinifundisha miziki ya watunzi wa zamani wa Ulaya. Mingi haikuwa na majina, namba tu, nami nikaipa ya kwangu. Mmoja wenye noti za kurukaruka niliuita Kuku wa Mama Mchungaji, na kweli ukiusikia unawaona kuku wakitimuliwa kwenye mahindi. Mwingine ulikwenda taratibu, kwa sauti nzito. Huo nikauita Jeneza. Kwaya ikacheka, jina likashika. Ulimi hauna mfupa.

Basi Mwalimu akauchagua huo wa taratibu, bibi harusi aingie nao. Nilipoanza tu, mwanakwaya mmoja mlangoni akasema, "Wamempigia Jeneza." Nyanya yake Tumaini, aliyetoka Soweto kule Mbeya, akasikia. Akamshika Tumaini mkono.

"Mjukuu wangu haingii na nyimbo za maiti."

Kanisa zima likageuka. Tumaini machozi yalimlenga. Nikaacha kinanda, nikamwendea yule mama mzee.

"Shikamoo, bibi. Jina hilo nimelitunga mimi, kwa utani tu. Nisamehe."

"Marahaba. Una muziki mwingine?"

"Upo. Unaitwa Kuku wa Mama Mchungaji."

Akacheka mpaka akajifuta macho. "Piga huo. Harusi bila kuku ni mkutano."

Tumaini akaingia akicheka, vigelegele vikimpokea.

Baadaye Mwalimu akanionyesha karatasi ya ule wa taratibu. Juu palikuwa na maneno ya Kijerumani ambayo sikuwahi kuuliza maana yake.

"Yanasema: kwa utulivu na furaha," akaniambia. "Wewe umeuzika mzima."

Na maji yakimwagika hayazoleki. Mpaka leo Kalenga huupiga msibani tu.

Kwa hiyo, mwanangu, kabla hujambandika mtu jina, au hata wimbo, sikiliza kwanza mpaka mwisho, na usichokijua uliza. Jina linalofaa hufungua masikio ya watu, lisilofaa huyaziba. Mungu akupe ulimi wenye subira, na popote utakapotajwa, utajwe kwa heri.