Mabeberu Walioanza Kunuka Tena

Mbuzi dume hunuka. Katika miaka ile ya soko huria, nikiwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, nilitaka kujua kwa nini akiugua harufu hiyo hupotea. Nilikuwa na mabeberu sita kwenye banda la maabara, nje kidogo ya Msalato. Niliwaambukiza vimelea vya nagana, ugonjwa unaoletwa na mbung'o, na kila Jumatatu niliwatoa damu kupima homoni ya kiume inavyoshuka. Wiki kumi na mbili za damu hiyo ndizo zingenipa shahada.

Aliyewalisha alikuwa mama mmoja wa Kondoa. Kufikia wiki ya tano walikuwa wamenyong'onyea, manyoya yamesimama, na hata jike akipitishwa mbele yao hawainui pua.

"Wamekuwa kama baba watoto tangu apunguzwe kazini," alisema mama. "Kula, kulala. Mwanangu, dawa ipo, mbona huwapi?"

"Nikiwapa, mama, sitajua homoni imeshuka hadi wapi."

"Na ukishajua?"

Nilicheka tu.

Jumatatu ya wiki ya nane harufu ilinipokea kabla sijafika mlangoni, kali, nzito, yenye majigambo. Beberu mmoja alikuwa amempanda mwenzake. Chini ya darubini damu ilikuwa safi, sikuona hata kimelea kimoja kikijipinda.

"Shikamoo mama. Umewapa nini?"

"Marahaba. Sindano." Alinionyesha pakiti tupu ya dawa ya nagana, ule unga wa njano unaoyeyushwa kwa maji, ambao zamani ulitoka kwa bwana mifugo peke yake, na sasa uliuzwa sokoni Chamwino kando ya sabuni. "Nimewachoma wote."

"Umeniharibia mwaka, mama! Mwaka mzima!"

"Nimefuga tangu sijaolewa. Siwezi kumpa mnyama majani asubuhi, halafu nikae namtazama anakufa."

Nilitaka kumtukana. Lakini utamtukanaje mtu ambaye umetoka kumwamkia sasa hivi? Nikaandika daftarini kilichotokea, mstari mmoja, nikafuta vipimo vya damu vya wiki saba.

Baada ya mwezi nilirudi na vimelea vipya. Nikamwomba anishikie beberu wa kwanza.

"Mshike mwenyewe," alisema, akachukua mundu wake kwenda kukata majani.

Nikamshika mwenyewe. Alikuwa amenenepa, ana nguvu za ajabu. Akaniburuta banda zima, sindano mkononi, huku wenzake watano wakitazama.