Alikuja Tu Kuoa

Harufu ya karafuu zilizoanikwa barazani ndiyo hunirudisha Hombo, mtaa wetu wa Mutsamudu, mwaka ule kisiwa cha Nzwani kilipotangaza kujitenga na serikali ya Moroni. Nilikuwa na miaka tisa na sikutulia. Kila gari lilipopita nilikimbilia dirishani. Baba, mtu wa Moroni, alifundisha Kiingereza sebuleni kwetu baada ya alasiri. Wanafunzi wake, makuli wa bandarini na wauguzi, walimwita Fundi, jina la heshima la walimu kwetu. Walichanganya ‘bring’ na ‘take’ kila siku ya Mungu, basi Baba akawa anawasimamisha na birika la kahawa: ukilileta kwake, sema la kwanza, ukilipeleka kwa mwenzako, la pili. Aliyekosea aliwamiminia wote. Mimi niliwacheka mpaka Mama akanifinya.

Mara wanafunzi wakaanza kupungua. Redio ilipiga kelele kutwa, na watu wa Ngazidja, kisiwa cha Moroni, wakawa wanatazamwa kwa jicho la pembeni. Walipobaki wawili, Baba alizidi kupaza sauti, kama anayebishana na mtaa mzima. Siku moja vijana watatu wenye fimbo wakasimama mlangoni. Mkubwa wao akaniuliza, “We mtoto, yule wa Moroni ni nani hapa?” Kwetu nyumba hujengewa binti, mume huhamia kwake, na watoto huhesabiwa wa nyumba hiyo. Niliogopa, na desturi ikanipa pa kujificha. “Hii nyumba ya mama yangu,” nikasema. “Yeye alikuja tu kuoa.” Wakacheka, wakaenda zao. Nilipogeuka, Baba alikuwa nyuma yangu, birika mkononi. Hakunikemea. Alirudi ndani, akamaliza somo. Wiki ile ile akapanda boti kwenda Moroni. Mama alilia, “Nani kakufukuza, baba watoto?” Akajibu, “Hakuna.” Maji yakimwagika hayazoleki.

Sasa nami naishi Moroni, nafundisha vitenzi vile vile, na hakuna anayewauliza wanafunzi wangu wa Nzwani wamefuata nini huku. Lakini Baba hakurudi tena kuishi Mutsamudu. Juzi nilimwuliza kama ni vijana wale waliomtoa. “Wale?” akasema. “Watoto wa mtaani tu wale. Mmoja nilimfundisha mwenyewe.” Kisha akatazama mikono yake. Nilitaka kumwambia anisamehe. Nikamwuliza kama amekunywa dawa zake.