Mume Wangu Aling'oa Ukuta wa Gari Ili Mama Yangu Asipande

Aliyetuandikia yuko mpakani na ameomba tusimtaje. Msomeni mpaka mwisho kabla hamjamrukia.

Admin, nifiche tafadhali, maana huku tunajuana. Nina miaka arobaini na tatu, Msamia wa Busia upande wa Kenya, nimeolewa Rubongi kule Tororo, Uganda. Mimi na mume wangu tunauza mitumba sokoni: leo Iyolwa, kesho Sop Sop, keshokutwa tumevuka Kenya. Nimelala kwenye gesti zenye kunguni mpaka mwili umesema basi. Na wale wa kuniambia "dada, omba Mungu tu", piteni mapema. Nimeshaomba, sasa nataka akili za watu.

Tuliamua kununua gari-nyumba, lile lenye kitanda, jiko la gesi na sinki humo humo. Hapo vita vikaanza. Mimi nilitaka Kanta, lori dogo lililojengewa chumba nyuma, dereva kwake na kitanda kwake. Yeye akatia ngumu, anataka Hiace. "Mama Athieno, hiyo lori itakunywa dizeli mpaka tulale njaa," akasema. "Hiace spea yake iko kila duka, fundi wake iko kila kona." Nikamuuliza kuhusu zile za kuvutwa nyuma ya gari, akacheka eti nitavuta na nini, ng'ombe? Tulinuniana.

Sasa mnielewe kwa nini nilishikilia Kanta. Mama yangu mzazi alipata kiharusi, mguu mmoja haufanyi kazi. Bodaboda hawezi, alishaanguka nayo leso ikamvuka barabarani watu wakitazama. Kila Jumatatu anatakiwa kliniki kunyooshwa mguu, la sivyo daktari amesema utakauka hivyo hivyo. Na kwetu mama mkwe hakanyagi chumba anacholala mkwe wake. Hata kukitazama kitanda chake ni aibu ya kukufanya ujifunike uso. Hiace ni chumba kimoja, ukiketi mbele kitanda kiko kisogoni kwako. Mume wangu anayajua haya vizuri, kwao ni hivyo hivyo.

Tukaenda yadi ya magari pamoja. Tukakuta Hiace moja safi, na nyuma ya kiti cha dereva ilikuwa na ukuta wa plaiwudi kutoka sakafuni hadi juu, na mlango wa nyumba ukiwa ubavuni. Nikasema haya, hii nakubali, mama atakaa mbele kama kwenye gari lolote. Tukapeana mikono na muuzaji. Mume wangu akabaki kumalizia mambo, mimi nikatangulia kwa mama kumpa habari njema. Mama alilia kwa furaha, jamani. Akaomba apakwe mafuta na avalishwe gauni la kanisani.

Gari likaingia uwanjani kwa mama. Nikamshika mama mkono, nikafungua mlango wa mbele. Ukuta hakuna! Kitanda kiko wazi, na shuka limetandikwa juu. Mama akavuta leso usoni na kurudi nyuma, nusura aanguke. "Mwanangu, nimekukosea nini? Nikae chumbani kwa mkwe wangu nikikipa kitanda chake mgongo?" Mume wangu hakushuka hata kusalimia kwa mbali. Akasema kwa sauti majirani wasikie, "Si gari nimeleta? Amekataa mwenyewe." Nilimwona akitabasamu, msiniambie nilidhani.

Nikamuuliza ukuta uko wapi. Eti ulikuwa umeoza. Nikainama sakafuni, nikaona matundu ya skrubu yanang'aa. Nikarudi yadi peke yangu, fundi akaniambia bila kuficha, "Mama, mzee alisema tuitoe hiyo plaiwudi. Nilimwambia ni nzima, akasema toa tu."

Nilipomkabili hata hakukana. "Siku nakuja kujitambulisha, mama yako alisema mbele ya ndugu zangu kwamba mkulima wa mihogo hawezi kulisha binti yake. Leo anataka nimbebe? Mimi nimeheshimu mila tu." Miaka ishirini mtu amekaa na neno moja tumboni, na anamlipizia mgonjwa! Nilimwita majina ambayo admin hawezi kuyaandika, na siyajutii.

Nilitaka kuurudisha ukuta. Mama akakataa, akasema kitanda ameshakiona, gari hilo hapandi mpaka kitoke. Basi nikachukua spana. Nilifungua nati moja moja mchana kweupe, nikakiburuta kitanda na godoro lake mpaka katikati ya uwanja wa nyumbani Rubongi, wakwe zangu wote wakitazama.

Sasa shemeji zangu wamekaa kikao. Wanasema kwao mwanamke akitoa kitanda cha mumewe nje, amejitoa na yeye mwenyewe. Nikirudishe kwa mikono yangu mbele yao na kuomba msamaha, au nifunge virago, na watoto wabaki. Mume wangu anakaa pale kama bwana harusi, hanitazami. Na yeye aliyeng'oa ukuta hakuna aliyemuuliza kitu.

Leo ni Jumapili. Mvua imenyeshea godoro, hakuna anayeligusa. Kuendesha najua, ufunguo ninao mimi, na mama amenipigia kuuliza kama kweli kesho nitakuja kumpeleka kliniki, ili avae lile gauni. Nimemwambia avae. Nishaurini jamani, nikirudishe kitanda niwe na ndoa yangu na watoto wangu, au niwashe gari nikamchukue mama?