Staji ya Irakoze na Mbwa Aitwaye Tofi

Mimi mbwa sikuwahi kuwapenda. Nasema mapema, mtu asije akanisifu bure. Kwetu Uvira mbwa analala nje, anakula makombo, anabwekea wezi, basi. Kwa hiyo siku Irakoze aliponiambia chuo kinampeleka kufanya staji, mazoezi ya kazi, kwenye shirika linalofundisha mbwa, kule Queensburgh, nilicheka mpaka nikaacha kichwa cha mteja kimesukwa nusu.

"We mtoto! Miaka mitatu ya saikolojia, sasa unaenda kuongea na mbwa?"

"Si kuongea nao, Mama Estella," akajibu, kwa ule upole wake unaoniudhi. "Ni mbwa wa kusaidia wagonjwa. Mimi kazi yangu ni kuangalia watu."

Irakoze ni Mrundi, amepanga chumba nyuma ya nyumba yangu hapa ugenini, mtaa wa Overport. Asubuhi anapanda teksi mbili, jioni anarudi suruali imejaa manyoya. Wiki mbili za kwanza walimpa kuosha vibanda tu. Mimi ningeacha siku ya pili. Yeye aliandika kila kitu kwenye daftari: mbwa gani anaogopa pikipiki, mgonjwa gani anaona haya kusema kwamba anaogopa. Nilimwuliza hayo yatamsaidia nini. Akasema mbwa akishindwa kazi, mara nyingi walioshindwa ni watu wanaomzunguka. Nikaona ni maneno ya shule hayo.

Wiki ya tatu akaingia na mbwa kwenye saluni yangu.

Mbwa alikuja kwa ajili ya Grâce, msusi wangu, binti wa Bukavu aniitaye Patroni, bosi wake, aliye kwangu mwaka wa nne. Mikono yake, Mungu wangu! Wateja wanatoka mpaka Pinetown kumfuata. Lakini ana kifafa. Dawa anameza, na bado mara mojamoja kinamwangusha. Kumbe aliomba mbwa kwa shirika bila kuniambia, akangoja zaidi ya mwaka. Irakoze akachaguliwa kumfuatilia kwa sababu wanaelewana kwa Kiswahili.

Mbwa mwenyewe alikuwa wa rangi ya chai ya maziwa, jina Tofi. Irakoze akatukalisha, mimi, Grâce na Tina anayeosha nywele. Majaribio ni wiki mbili. Grâce peke yake ndiye anamlisha na kumwamuru. Grâce akianguka, Tofi atalala ubavuni mwake, kisha ataenda kuita mtu.

"Na huyo mtu lazima aje," akasema, akitutazama mmoja mmoja. "Mbwa akiita na watu wasije, mwisho ataacha kuita. Shirika litamchukua, limpe mwingine anayengoja."

Hapa niseme ukweli hata kama unanichoma. Sisi tumekua tukiambiwa povu la mtu wa kifafa likikugusa, nawe umekipata. Kila Grâce alipoanguka tulikuwa tunabana ukutani, tunaita Yesu, mpaka aamke mwenyewe, ajifute mwenyewe. Daktari alishatuambia hakiambukizi. Kichwa kilikubali, mkono ukakataa.

Bon. Shida ilianza kwenye chakula. Saa saba bugali, nyama na sombe ya majani ya muhogo vinafika, tunakula pamoja kwenye sinia moja, isipokuwa Grâce, aliyezoea kula pembeni. Tofi anakaa miguuni pake, ananitazama. Haombi, anatazama tu. Sasa mimi nimelelewa hivi: huwezi kula na mwingine anakutazama, ni aibu ya ukoo mzima. Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu alikuja na jembe lake tayari, nami nimnyime nyama? Siku ya tatu nikamtupia kipande chini ya kiti. Siku ya nne pia. Wiki ya pili, kila ikifika saa saba, Tofi anamwacha Grâce anakuja kwangu.

Irakoze akaona.

"Mama Estella, umempa nini?"

"Nyama kidogo."

"Siku ngapi?"

"Eish, nani anahesabu? Saba hivi."

Akafunga daftari. "Ijumaa natoa ripoti. Nitaandika na hili."

Nikawaka. "Unaishi kwangu, unakula kwangu, halafu umkoseshe Grâce mbwa kwa ajili ya mnofu?"

Machozi yalimjaa, ila sauti haikutetemeka. "Nikidanganya, siku Grâce anaanguka peke yake barabarani, mbwa atakuwa anakungoja wewe na nyama yako."

Nilimsihi Tofi kimoyomoyo asinijie tena.

Ijumaa, saa saba kamili, sinia iko mezani. Irakoze amekaa mlangoni na daftari lake. Grâce alikuwa amemaliza rasta za mteja, zimebaki ncha tu kuchovywa kwenye maji ya moto ili zisifumuke. Birika linachemka kwenye kona. Akaenda kulichukua, na Tofi akasimama mbele yake. Akaenda kushoto, Tofi kushoto. Mbwa akamsukuma kwa bega.

"Anataka nyama huyo," Tina akacheka.

Aibu ikanipanda. "Mtoeni nje huyo mbwa!"

"Mwacheni," Irakoze akasema.

Tofi akamsukuma Grâce hatua kwa hatua, mbali na birika, mpaka kwenye mkeka. Grâce akamwangalia, uso ukabadilika, akaketi mwenyewe. Haikupita dakika, akaanguka chali, mwili ukaanza kukakamaa.

Weh! Kama angekuwa na lile birika mkononi!

Mteja na Tina wakarukia ukutani, nami nikawafuata. Irakoze alikuwa amesimama, macho kwenye saa, tayari kuingilia mbwa akishindwa. Tofi akalala ubavuni mwa Grâce, akamlamba shavu pamoja na povu lake. Kisha akainuka. Akampita Irakoze, akapita sinia ya nyama bila kuigeuzia hata pua, akaja kwangu. Akashika aproni yangu kwa meno, akavuta.

Sikusogea. Akaniachia, akarudi kwa Grâce, akamtazama, akaja tena. Akavuta tena. Katika watu wote mle ndani alinichagua mimi, kwa sababu nilimlisha, nadhani, akadhani mimi ni mtu mwema.

Nikaenda. Nikaketi mkekani karibu na kichwa cha Grâce.

"Mlaze ubavu," Irakoze akasema taratibu. "Weka kitu laini chini ya kichwa. Usimzuie."

Nikaweka paja langu. Nikamfuta mdomo kwa kiganja changu kitupu. Yalikuwa mate, jamani, mate ya moto kama ya mtoto yeyote niliyemlea. Nililia pale chini mbele ya mteja. Tofi alilala akitugusa sote wawili, nami nikaogopa kwa namna nyingine, namna mtu anavyoogopa akiwa kanisani na kumeshuka kimya.

Mwili ulipotulia nikamwuliza Irakoze, "Ile ya birika, nani alimfundisha?"

"Hakuna mtu." Huyu anayeandika kila kitu, kalamu ilikuwa imening'inia mkononi. "Tunamfundisha kuita. Kujua kabla, hatumfundishi. Hata shirikani hawajui anajuaje."

Tukamtazama mbwa, sote.

Baadaye Irakoze akapiga magoti karibu nami, akanionyesha ukurasa wa ripoti. Aliandika nyama, siku zote saba. Chini yake aliandika kwamba mbwa aliita mara mbili, na mtu akaja. Alikuwa amependekeza Tofi abaki. Palipoulizwa jina la mtu wa kuitwa kazini, alikuwa ameacha wazi, ananingoja. Nikamwambia aandike langu.

Grâce akafumbua macho. Alichelewa kuelewa yuko wapi. Aliona paja langu, akaona uso wangu, kisha akaona kiganja changu kilicholowa. Akashtuka, akajaribu kujiondoa.

"Patroni, samahani," akasema. "Nenda ukanawe. Nenda haraka."

Sikwenda.